Jasho la Meza ya Mbele

Ukiingia duka lile la dobi kwa mlango wa nyuma, anayekupokea kwanza si mtu, ni joto. Linakushika mashavu, linakuvua koti bila kukuuliza. Upande mmoja mapipa ya maji yanatokosa mashuka juu ya moto. Upande wa pili zimepangwa meza ndefu za kupigia pasi, kila meza na nguo zake: nyuma kabisa makoti ya mafundi na nguo za kazi zisizoonesha doa, katikati nguo za rangi, na mbele, chini ya dirisha kubwa, nguo nyeupe. Hiyo ndiyo meza ya mbele, na pale hasimami mtu kwa kubahatisha.

Sheria yake ni moja tu, na kila aliyewahi kushika pasi mle ndani anaijua: jasho lisidondoke. Maji ya kunyunyizia si neno, yanaondoka na mvuke. Jasho lina chumvi na mafuta yake. Tone moja likiangukia kitambaa kilichotiwa wanga, pasi ikapita juu, linaacha kiduara cha manjano kama ukucha wa mtoto, na kitambaa kizima kinarudi kwenye beseni. Bibi Dobi, mwenye duka, alikuwa akinyanyua kila kitambaa dirishani kwa mikono miwili, akikipitia kama mtu anayesoma gazeti. Akikuta kiduara hasemi kitu. Anakikunja na kukurudishia mikononi, na kimya chake kiliuma kuliko matusi.

Kwa hiyo wapiga pasi wote walijifunga vitambaa vichwani na taulo shingoni. Saa ya chakula walivikamua mlangoni na kuvitundika kwenye misumari ya ukutani, kila mtu na msumari wake. Wote, isipokuwa mmoja. Kwenye msumari wake yeye uling'inia mkoba, na mwenyewe alikuwa amevaa sweta.

Ndiyo, sweta, tena la mikono mirefu, katika joto lile. Uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Wenzake walimpa jina la Mkavu, na jina likamganda mpaka wateja wakaamini kuwa ndilo alilopewa na babake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweupe wa midomo, mwenye nyusi chache ambazo mwisho wake ulikuwa umepotea. Hakuwa mwepesi. Wenzake wakimaliza mashuka mawili, yeye bado anashughulika na pindo la shuka la kwanza. Lakini nguo yake haikurudi kwenye beseni hata siku moja, na hilo alilijua, na alitembea kama mtu anayelijua.

Wageni wa maana wakija, wenye hoteli na wenye kumbi, Bibi Dobi alikuwa akiwaleta mpaka mbele. "Mtazameni huyo," anasema. "Ana sweta." Basi. Hakuongeza neno, na kazi walimpa.

Aliyesimama meza ya katikati, nyuma yake, alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa waliyemwita Kipaza. Huyu jasho lilimtoka kama bomba lililopasuka. Alikuwa na vitambaa vya kichwa viwili, kimoja kichwani kimoja kikikauka, na bado alikuwa akipangusa uso kwa bega. Mkavu hakumwacha salama. Alikuwa akimuuliza kama leo amekuja kupiga pasi au kufua tena. Kipaza naye hakukosa la kujibu.

"Shoga, mama yako alikuzalia kwenye friji? Au alikuacha humo ukiwa mchanga, akasahau?"

Watu wakacheka, Mkavu akacheka kwa mdomo uliofumba, akageuza shuka. Rohoni alikuwa akijisikia kama mtu aliyepewa kipaji. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa, kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa pasi tu: ugonjwa wake waliusifia, na yeye mwenyewe akaupenda.

Maana nyumbani mambo yalikuwa mengine. Aliolewa akiwa binti mchangamfu, mwenye mbio na kicheko, na mwaka wa pili akazaa mtoto wa kike. Uzazi ule uliitikisa nyumba. Damu ilitoka, ikatoka, mpaka mkunga akaanza kupiga kelele, na walipomfikisha hospitali alikuwa hajui aliko. Alirudi na roho yake, na watu wakashukuru wakaona yamekwisha. Kumbe aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Maziwa hayakushuka. Mtoto alivuta titi mpaka akalia kwa hasira, wakaishia kumlisha kwa kikombe. Siku zake za mwezi hazikurudi tena, wala mimba nyingine haikuingia. Nywele zilipungua, za kwapani zikaondoka zote, naye akasema afadhali, amepumzika na wembe. Baridi ikamwingia mifupani. Jioni, sahani zikiwa bado hazijaoshwa, alikuwa amelala akiwa ameketi.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, ila mdomo alikuwa nao. Alisema mwanawe ameoa mto: ukiuweka mahali, ukirudi utaukuta pale pale. Alisema hivyo kisimani, alisema sokoni, alisema mbele ya mwenyewe. Wakatokea na wajomba waliomshauri mwanaume atafute mke wa pili wa kumzalia. Mume alikuwa fundi rangi, mtu wa maneno machache, na majirani walijua wiki ile anapaka nyumba ya nani kwa kutazama rangi iliyobaki masikioni mwake. Aliwasikiliza wajomba mpaka wakamaliza, kisha akawajibu kuwa huyu mmoja tu anamshinda kwa mablanketi, wa pili atamfunika na nini. Maneno yakaishia hapo.

Na Mkavu? Hakujitetea. Aliamini kuwa kweli amekuwa mvivu, kwamba kuna kitu ndani yake kimelegea na hakuna wa kukikaza. Ndiyo maana alipopata kazi kwa Bibi Dobi, na akagundua kuwa ni mle ndani tu asimohisi baridi, na kwamba ukavu wake ni mali, alilishika lile joto kama mtu aliyeopolewa mtoni. Nyumbani alikuwa mto. Kwenye meza ya mbele alikuwa Mkavu. Mtoto alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye duka la dawa za mifugo, na miaka yote hiyo mamake alikuwa amesimama chini ya lile dirisha.

Kisha yakaja mafua. Yalizunguka duka zima, kila mtu akakohoa wiki yake akapona. Yalipomfikia Mkavu hayakuondoka. Alitapika, akaja kazini. Akatapika tena, akaja kazini. Siku moja asubuhi akiwa ameshika pasi, dirisha likaanza kumzunguka, meza ikaondoka chini ya mikono yake, na alipofumbua macho alikuwa amelala hospitali, sindano ya maji mkononi, mume upande huu, binti upande ule, mama mkwe miguuni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alisema shinikizo la damu lilikuwa limeshuka mno na sukari nayo chini, na mafua peke yake hayafanyi hivyo. Alizivuta zile nyusi fupi kwa kidole, akapapasa ngozi ya mkono, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kusalimia.

"Mtoto wako wa mwisho ana umri gani, mama?"

"Ndiye huyo wa kwanza," Mkavu akasema, akimwonesha binti.

"Ulipomzaa ulitokwa na damu?"

Aliyejibu ni mama mkwe. "Damu? Godoro tulilichoma moto."

"Ukamnyonyesha?"

 Hilo lilikuwa neno lisilotajwa katika nyumba ile. "Maziwa hayakuja," Mkavu akasema.

Daktari akauliza habari za siku za mwezi, akajibiwa. Akauliza habari za nywele za mwilini. Mkavu akamtazama mumewe, na mumewe akainua macho darini akaanza kuichunguza rangi kwa makini, kama mtu aliyeitwa kuipaka upya.

Damu ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa, na kichwa kikapigwa picha kwa mashine. Majibu yalipokuja daktari alirudi pale pale ukingoni akawaeleza wote wanne. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama njegere, inaitwa pituitari. Yenyewe haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuma maagizo: tezi ile ipashe mwili joto, zile zitoe nguvu za asubuhi, maziwa yashuke, damu ya mwezi ije. Mama akiwa mjamzito tezi hiyo hunenepa, inataka damu nyingi. Damu ikimwagika kupita kiasi wakati wa kuzaa, inakosa, na sehemu yake inakufa. Maagizo yanakatika.

Mkavu alimfikiria Bibi Dobi. Zipo siku Bibi Dobi huumwa asije. Mikono yote ipo, maji yapo, pasi zipo, na mpaka adhuhuri hakuna aliyewasha moto chini ya mapipa.

"Kwa hiyo mwili wangu hauna bosi," akasema.

"Hauna. Toka siku uliyozaa." Daktari akavua miwani. "Na umekwenda kazini miaka yote hiyo hivyo hivyo. Mimi sijui umewezaje. Mtu mwingine angekuwa kitandani. Nadhani joto la huko kwenu limekubeba."

Mkavu hakulia. Aligeuza uso ukutani, na watu wake wakadhani analia, kumbe alikuwa akirudia moyoni neno moja moja ili lisipotee: sijui umewezaje. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumvisha nishani, lakini ile aliivaa siku hiyo na hakuivua tena.

Mama mkwe alitoka nje. Alikaa huko kwa muda, akarudi uso umenawa maji. Alisimama miguuni pa kitanda akasema kuwa kuanzia leo, atakayemwita mkamwana wake mvivu aanze kwanza kugombana na yeye. Mkavu angeweza kumuuliza ni nani aliyelianzisha jina hilo. Ulimi ulimwasha. Lakini alimtazama mama yule mzee anavyotetemeka kidevu, akaona aache, akasema tu, "Asante, mama."

Na mzee alitimiza. Baada ya wiki mtaa mzima ulikuwa unaijua pituitari, ingawa jina alilitamka kila siku kwa namna yake. Aliieleza sokoni, akionesha ukubwa wake kwa njegere halisi alizozikuta mezani kwa mwuzaji, na mwuzaji akamwomba azirudishe. Alieleza na habari za vidonge: kwamba vipo vya kuamkia na vya alasiri, ndivyo vinavyoshika roho, na vingine vya kupasha mwili moto vilivyoongezwa baadaye, kwamba akishikwa na homa vile vya kwanza anakunywa mara mbili, na kwamba asiviache hata siku moja, akiviacha amejichimbia kaburi. Wa kisimani walijua, wa sokoni walijua, na Kipaza, aliyekaa mtaa wa pili, alijua kuliko wote.

Binti alijipa kazi ya asubuhi. Alimletea mamake vidonge na kikombe cha maji, akasimama mbele yake.

"Meza, nione."

"Wewe nilikulisha kwa kikombe," Mkavu akamwambia, "leo unanilisha mimi."

"Ndiyo. Meza."

Basi uhai ukarudi, kidogo kidogo, kama mgeni anayechungulia kwanza kabla ya kuingia. Alianza kuamka kabla ya jogoo. Alitupa blanketi moja, akatupa la pili. Aliosha sahani akaimba, na mumewe akaja mlangoni na brashi mkononi kuuliza ni nani aliyemletea mwanamke mgeni jikoni. Alicheka kwa sauti, kile kicheko cha usichana ambacho binti hakuwahi kukisikia, na binti akajikuta anacheka bila kujua wanachekea nini. Mikono ikawa myepesi. Kazini shuka lililomchukua asubuhi nzima sasa lilimalizika upesi, na siku moja, bila hata kufikiri, akavua sweta akaliweka pembeni.

Siku hiyo hiyo alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza cha hoteli, cheupe, kikubwa. Alihisi kitu kinatambaa kwenye paji la uso. Akadhani ni mdudu. Kabla hajainua mkono kikateremka puani, kikaning'inia, kikaanguka, na pasi ikakipitia.

Alilitazama lile duara la manjano kama mtu anayetazama jina lake limeandikwa ukutani na wahuni.

Bibi Dobi alikinyanyua kitambaa dirishani. Alikitazama muda mrefu kuliko kawaida, maana alikuwa anatafuta sababu nyingine. Hakuipata. Akakikunja, akamrudishia mikononi. Duka lote lilikuwa kimya, hata mapipa yalionekana kuacha kutokota, na katika kimya kile sauti ya Kipaza ikasema, si kwa ubaya, "Karibu duniani, shoga."

Watu walicheka. Mkavu alikipeleka kitambaa kwenye beseni kwa mikono yake, mbele ya wote, na mashavu yalimwaka.

Wiki ile ile hoteli hiyo ilileta habari kuwa inafungua ukumbi mpya wa chakula, na meza kuu itavalishwa kitambaa kimoja kirefu kisicho na mshono, cha kupita urefu wa chumba. Kitapigwa pasi mle dukani, kwenye meza ya mbele. Kila mtu alimtazama Bibi Dobi. Bibi Dobi alisema neno moja: "Nitaangalia." Wote walielewa. Meza ya mbele ilikuwa haina mwenyewe tena, na Kipaza ndiye aliyefuata.

Jioni hiyo Mkavu alitembea kwenda nyumbani akipiga hesabu isiyo ya namba. Uhai ameupata, na ameufurahia. Lakini uhai wenyewe umekuja na jasho, na jasho linamtoa mahali pekee alipowahi kuwa mtu wa kuoneshwa wageni. Nani atamleta mgeni mpaka mbele kumtazama mwanamke anayetoka jasho? Wapo tele. Akajiambia: nimeishi bila vidonge hivi tangu binti akiwa mchanga. Siku chache tu, mpaka kitambaa kile kiishe, nikauke, kisha nitavirudia.

Asubuhi binti aliposema ameze, alivitia mdomoni, akanywa maji, akavificha chini ya ulimi. Njiani akavitema kwenye leso. Hakuvitupa, hakuwa mjinga hivyo. Alivifunga pamoja na vya alasiri, akavitia ndani ya mkoba.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, akajisifu. Siku zilizofuata chakula kilianza kumchukia. Akila, kinarudi. Miguu ikawa mizito kama imevaa ndoo. Na jambo lililomshangaza kuliko yote ni kwamba jasho halikukauka. Lilikuja lile lile, sasa likiwa baridi, likimtiririka mgongoni. Alikuwa ameuza uhai wake kununua ukavu, na ukavu haukuletwa.

Kitambaa kirefu kilipofika kilitandikwa kwenye meza ya mbele, mwisho wake ukaviringishwa kwenye nguzo ili usiguse sakafu. Bibi Dobi alimkabidhi Mkavu pasi. Ilikuwa nafasi ya mwisho, na wote wawili walijua. Alipiga moyo konde akaanza. Alipangusa uso kwa mkono kila hatua, akaenda, akaenda, na nyuma yake kitambaa kikawa kinang'aa kama maji yaliyotulia. Alipofika katikati chumba kikawa cheusi pembeni.  Kitu cha mwisho alichofanya akiwa na fahamu ni kuinua pasi kutoka kwenye kitambaa na kuisimamisha kwa kisigino chake juu ya kibati cha kuwekea pasi, vizuri, kama inavyotakiwa. Ndipo akaanguka.

Aliyemdaka ni Kipaza. Alimwona uso wa majivu, midomo imekauka, akampigapiga shavu.

"Vidonge umekunywa?"

Mkavu akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

Mkavu akaugeuzia macho mkoba wake msumarini. Kipaza akageuka, na kwa sauti ile iliyompa jina akaita gari la kupelekea nguo, na siku hiyo hakuna aliyemwambia anapiga kelele. Mkavu alilazwa juu ya magunia ya mashuka safi ya hoteli, gari likaondoka. Mlango wa wagonjwa wa dharura ulipofunguliwa, Kipaza alikuwa ameshaanza kueleza, kutoka ndani ya gari, habari za njegere na bosi na vidonge vilivyoachwa, na muuguzi akakimbilia sindano kabla hajamaliza. Madaktari walisema baadaye kuwa maneno yale ndiyo yaliyomwokoa, kwa kuwa hawakupoteza muda kutafuta. Yote ya mama mkwe, neno kwa neno, kutoka sokoni.

Daktari mwenye kamba ya miwani alikuja siku ya pili. Safari hii hakuketi.

"Kwa nini?"

Mkavu alimweleza. Alieleza meza, dirisha, kiduara cha manjano, wageni wa maana. Hakuficha chochote. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayepatana bei, "Nipe dawa ya uhai, daktari, ila uniachie ukavu wangu."

Daktari alisogea ukingoni mwa kitanda. Kisha akaketi.

"Ukavu wako ndio ugonjwa wenyewe, mama. Siwezi kukutibu nikakuachia." Akamshika mkono. "Lakini niambie. Nguo zile hazikurudi kwenye beseni kwa sababu ya uso wako mkavu tu? Wenzako walio nyuma, huko kwenye nguo za rangi, wakikauka uso leo, watapiga pasi kama wewe?"

Mkavu alifikiri. Aliyaona mapindo yao. "Hapana," akasema, tena upesi, bila unyenyekevu.

"Basi," daktari akasema, akaondoka.

Alasiri alikuja Kipaza, kijasho chembamba kimemsimama puani kama kawaida. Walisalimiana, wakazungumza habari za watu wengine, mpaka Mkavu akashindwa kuvumilia akauliza kitambaa kirefu alikimalizia nani.

"Mimi. Nusu yako, nusu yangu."

"Na Bibi Dobi?"

"Alikinyanyua dirishani, kipande kwa kipande, kutoka kichwani mpaka mkiani." Kipaza akatabasamu. "Hakuona tulipopokezana."

Mkavu alilala akitazama dari. Lile lilimwingia taratibu. Mwanamke aliyemcheka miaka yote, anayetoka jasho kama bomba, alikuwa amepiga pasi nusu ya kitambaa kile bila kudondosha tone.

"Kipaza."

"Naam."

"Nifundishe kufunga kitambaa cha kichwa."

Kicheko alichokiangua Kipaza kilileta wauguzi wawili mlangoni. Lakini alipomaliza kucheka alivua kitambaa chake, chenye majimaji, akakikunja juu ya kitanda cha mgonjwa na kumwonesha: mkunjo mnene unakaa hapa juu ya nyusi, ncha zinavutwa nyuma ya masikio si juu yake, na unakibadilisha kabla hakijajaa, si baada ya kujaa. Kumbe ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Mkavu aliirudia mara tatu nne mpaka ikakaa.

Alirudi kazini akiwa na nguvu zake, na asubuhi ile mbele ya binti alimeza vidonge, akafungua mdomo, akainua na ulimi. Bibi Dobi alimwambia kuwa meza ya mbele ni ya asiyedondosha, na yeye hamuulizi mtu anafanyaje asidondoshe. Kipaza ndiye aliyekuwa pale. Mkavu akasema sawa, akaenda kusimama katikati, kwenye nguo za rangi, mahali alipopacheka. Alikaa pale msimu mzima. Alijifunza kujipangusa bila kusimamisha pasi, kuinamia pembeni, kusikia tone likiwa bado linafikiri kutoka. Na mikono yake, ambayo sasa ilikuwa na bosi wake, ilikwenda upesi kuliko mikono yote mle ndani, na mapindo yalikuwa yale yale ya Mkavu.

Siku moja Bibi Dobi alikuja meza ya katikati, akachukua gauni la kijani, akalipeleka dirishani. Nguo za rangi hakuwahi kuzinyanyua dirishani maishani mwake. Alilipitia lote. Kisha akamwambia Mkavu asogeze vitu vyake, meza ya mbele ni ndefu, ina ncha mbili, na vitambaa vya hoteli siku hizi vinataka watu wawili.

Haikupita muda yule mwenye hoteli akaja, na mgeni wake. Alimwambia mgeni kuwa duka hili lina ajabu moja, mwanamke anayepiga pasi na sweta, asiyetoka jasho. Akatazama meza ya mbele. Aliona wanawake wawili wamefunga vitambaa, mmoja mnene mmoja mwembamba, wote nyuso zinang'aa.

"Yule Mkavu wenu yuko wapi?" akauliza.

Bibi Dobi akamwachia mwenyewe ajibu. Ilikuwa saa ya chakula. Mkavu aliisimamisha pasi, akakunja kitambaa alichokimaliza, akamkabidhi yule bwana akinyanyue dirishani kama anataka. Bwana akakinyanyua. Hakuona kitu ila mwanga.

Ndipo Mkavu akafungua kitambaa cha kichwa, akaenda nacho mlangoni, akakikamua kwa mikono miwili, na maji yake yakamwagika kwenye kizingiti mbele ya watu wote.

"Ni mimi," akasema. Kisha akauondoa mkoba kwenye msumari wake, akakitundika kitambaa pale, kwenye mstari mmoja na vya wenzake.